Umezima

Walinipa kofia ya plastiki, daftari na kiti
kando ya msumeno namba tatu.
Tazama, wakasema, kisha utuambie
kwa nini watu wazima na akili zao
wanatia mkono kwenye mashine inayozunguka.

Kiwanda cha mbao, Lieksa, mwezi wa Januari.
Saa tisa alasiri giza limeshaingia,
theluji imelala juu ya magogo kama mtu asiye na haraka.
Ukutani mabango saba: ZIMA KWANZA.
La saba limebandikwa juu ya la sita.

Veikko Hiltunen ana vidole tisa.
Yeye ndiye anayewafundisha wageni usalama:
anawaonyesha pengo, wanameza mate,
na kabla ya chai
nimemhesabu yeye mwenyewe mara nne
akichomoa kipande kilichokwama, msumeno ukiunguruma.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.
Sawa. Lakini guu halivunjiki kila siku,
na hapo ndipo methali inapoponyoka.
Mara elfu unatia mkono, mara elfu unautoa mzima,
ubao unatoka, mkanda unasonga,
hakuna anayekutazama.
Ukizima, je?
Taa nyekundu inawaka juu ya kichwa chako,
dakika nne mpaka mashine ikubali kuamka,
na bwaloni, karibu na sufuria ya supu ya njegere,
hesabu ya zamu yako inashuka chini ya zamu ya usiku.

Niliandika: si ukaidi, si ujinga.
Nikapiga mstari chini ya kila "si".
Mtu huenda anakolipwa,
na hapa tumekuwa tukiilipa hatari
papo kwa papo, taslimu,
na usalama tunaukopa.

Meneja alitaka semina. Nikamwambia: ng'oa taa.
Ifute ile hesabu ya bwaloni.
Na msimamizi, Kauppila, ashuke ngazi
kila mtu anapozima, amwambie neno.
"Neno gani?" akauliza Kauppila,
uso umemwiva kama aliyetoka sauna.
Kwao, akanieleza, baba alisifu mara moja tu,
na aliyesifiwa alikuwa farasi.

Tulifanya mazoezi stoo, katikati ya mapipa ya grisi,
mimi mfanyakazi, yeye akiwa yeye.
Siku tatu.
Ya nne, Orvokki alizima namba mbili.
Kimya kikatua, unga wa mbao ukielea.
Kauppila akashuka ngazi kumi na nne,
akasimama, akavua glavu, akaivaa tena.
"Umezima," akasema.
"Nimezima," akajibu Orvokki.
Basi. Akapanda.
Orvokki akabaki akizitazama ngazi
kwa muda ambao sikujua niuandike safu ipi.

Kufika Machi, mbao zilipokwama mara kumi,
mara tisa mashine ilizimwa.
Meneja akaniita: kahawa, mkate wa iliki,
kiti cha upande wa dirisha.
"Ujuzi huu," akasema taratibu, "unaweza pia
kuwafanya wasahau mapumziko ya saa nne?"

Unaweza.
Hilo ndilo nililolala nalo vibaya.
Kisu cha kumenyea viazi hakiulizi kidole ni cha nani.
Nilisema hapana,
na mkate nikaumaliza.

Langoni nilimkuta Veikko akikwangua barafu
kwenye kioo cha gari langu, bila kuombwa.
"Na wewe," akaniuliza, "nani anakuhesabu?"
Nikacheka, nikawasha injini.

Msonobari, msonobari, theluji,
barabara ya Joensuu inateleza kama sabuni,
mkono mmoja kwenye usukani,
simu kwenye kiti cha pembeni.
Niliitazama mara kumi na moja, gari likienda,
kuona kama meneja ameandika
ahsante.